Usikalie Simu Inayobeba Pesa Zako

Wengi wetu tunaweka simu pale tulipokuwa tukiweka waleti: mfuko wa nyuma. Kisha tunapanda matatu na kuikalia safari nzima. Maoni yetu ni kwamba tabia hii iishe. Waleti ya ngozi ukiikalia inapinda, ukisimama inajirudi. Simu haijirudi.

Ukikaa, kitambaa kinakaza ncha mbili za simu na uzito wako unabonyeza katikati. Ni kama kuvunja kuni kwa goti. Alumini ikizidiwa inabaki imepinda, na mara nyingi huanzia penye tundu, kama kwenye vitufe vya sauti. Mwaka wa 2014 hata iPhone 6 Plus, yenye unene wa milimita 7.1, ilipindia baadhi ya wateja mfukoni. Mwaka uliofuata Apple wakatoa iPhone 6s ya alumini ngumu zaidi. Kama simu ya bei hiyo ilipinda, yako je?

Mbona hili linatuhusu sisi wa malipo? Kwa sababu hasara haiishii kwa fremu. Ndani, vipande vilivyochomelewa kwenye bodi vinaweza kuachia, na skrini ikaanza kukataa kidole au kujibonyeza yenyewe. Hapo unaandika 7, inaingia 8, na pesa ya karo inaenda kwa mtu usiyemjua. Simu ikianza vituko hivyo, usitume pesa nayo. Na kwa simu yoyote ile, soma jina la mpokeaji kabla ya kukubali.

Ikishapinda, usijaribu kuinyoosha. Betri ya lithiamu ikikunjwa inaweza kuharibika ndani na kushika moto. Izime, uipeleke kwa fundi, lakini kwanza toa laini yako. Fundi anahitaji simu. Laini haihitaji, na PIN ndiyo kabisa, hata akisema ni ya "kutest" tu. Pesa zako haziko ndani ya fremu, ziko kwenye akaunti. Tia laini kwa simu yako nyingine, hata kama ni mulika mwizi, na salio utalikuta vile vile.

Tunajua mkononi kuna wanyakuzi. Basi tumia mfuko wa ndani wa jaketi, au mkoba uliofungwa zipu. Huko nyuma kalia kiti, si simu.