Baiskeli ya Kwanza Bila Riba
Ndugu Waislamu, kwa mwenye fedha kidogo hapa Kapalamsenga, tunanasihi baiskeli iliyotumika yenye fremu nzima kuliko mpya ya mkopo wa riba. Laki moja ya kurejeshwa laki na nusu wakati wa mavuno ni riba, hata ikiitwa msaada.

Zungusha gurudumu: rimu isiyumbe. Tikisa mikono ya pedeli: ikicheza, huenda gololi zimelika. Cheni na tairi hubadilishwa. Fremu iliyopasuka ni hasara.

Muuzaji aeleze kasoro zote, kwani kuzificha ni haramu. Mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi, usije ukanunua mali ya wizi. Fedha zikipungua, mwombe muda bila nyongeza. Deni hilo liandikwe, kama inavyoagiza aya ya 282 ya Suratul Baqarah.

Wabillahi tawfiq.