Nani Aliyetuibia?

Kila mchezaji wetu anapopanda ndege kwenda kucheza ng'ambo, barazani huzuka makundi mawili. La kwanza humwita msaliti: ati ameikimbia timu iliyomlea, amefuata fedha. La pili huwalaani Wazungu: ati walichukua pembe za ndovu, sasa wanachukua miguu ya vijana wetu. Nimeketi na makundi yote mawili, nikanywa nao kahawa, na leo nathubutu kusema kwamba yote yanakosea. Nasema kwa uchungu, maana mwizi niliyemtafuta nilimkuta nyumbani kwangu.

Tuanze na huyo msaliti. Mbwana Samatta alitoka African Lyon akaenda Simba, na mwaka 2011 akavuka kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akatwaa nayo ubingwa wa Afrika mwaka 2015. Januari 2016 alihamia Genk ya Ubelgiji, akawa bingwa huko mwaka 2019. Januari 2020 aliingia Aston Villa, na tarehe 1 Machi akafunga bao Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Kabla mwaka ule haujaisha alikuwa Uturuki, Fenerbahçe. Katika kuhama huko kote, Taifa Stars ilipomwita alikuja, na mwaka 2019 ndiye aliyekuwa nahodha tuliporudi katika fainali za Mataifa ya Afrika baada ya miaka 39. Huyo amemsaliti nani? Seremala akipata kazi Muscat tunamfanyia dua na kumsindikiza. Mcheza kandanda naye ni fundi, tena fundi ambaye kazi yake humwisha angali kijana.

Sasa tuje kwa Wazungu. Sikatai kwamba klabu tajiri hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu. Lakini tangu mwaka 2001 kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei igawiwe klabu zilizomlea tangu msimu wa miaka 12 hadi wa miaka 23. Kwa kila dola milioni 1, msimu mmoja wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya dola 2,500, na msimu wa miaka 16 na kuendelea dola 5,000. Fungu hilo linaweza kudaiwa hata na klabu ya mtaani, mradi mchezaji alisajiliwa kwayo.

Mradi alisajiliwa! Hapo ndipo ninapojishtaki.

Nilikuwa katibu wa klabu ya mtaani kwetu. Kijana mmoja alituchezea misimu mitatu, wa miaka 14, wa 15 na wa 16. Kocha wetu, mzee aliyekuwa fundi baiskeli, alimnunulia viatu vya kwanza kwa fedha zake mwenyewe. Ada ya kumsajili niliipokea mimi, tukanunulia mipira, nikasema tutamsajili mwezi ujao. Mwezi huo haukufika. Jina lake likabaki katika daftari la shule juu ya kabati langu. Miaka ikapita, kijana akauzwa kutoka klabu moja ya ng'ambo kwenda nyingine. Jioni moja Mzee akabisha hodi.

"Katibu, nasikia kuna fungu letu. Lile daftari liko wapi?"

Nikalishusha. Mchwa walikuwa wameacha jalada tu. Na hata lingekuwa zima lisingetosha, maana chama hakikuwa na karatasi yoyote yenye jina la kijana yule.

"Nisamehe, Mzee wangu."

Alilitazama jalada lile kwa muda. "Basi, mwanangu. Mtoto mwenyewe anajua." Akachukua baiskeli yake akaenda. Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Kwa kila milioni 1, fungu letu lingekuwa dola 10,000. Zingetosha viatu vya watoto wa mtaa mzima. Hakuna Mzungu aliyezichukua, wala kijana hakutunyima. Nilizipoteza mimi kwa uvivu wa kalamu, kisha nikaenda barazani kupiga kelele pamoja na wengine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi wewe uliye katibu leo, kabla hujamwita mtu msaliti au mwizi, andika jina la mtoto, tarehe aliyozaliwa, siku aliyoingia na siku aliyotoka. Kisha lipa ada yake chamani, udai stakabadhi. Na usiiweke juu ya kabati.