Kabla hujainua gari, lala chini yake kwanza

Jumapili jioni pita Kamakis, pale Ruiru kwenye Eastern Bypass, ambapo nyama inachomwa na magari yanapigwa picha. Utayaona yamepangwa: pikapu, Jimny, Prado za zamani, yote yameinuliwa, matairi makubwa, shokamzoba zimepakwa rangi nyekundu au manjano zionekane kutoka mbali. Msee anasimama kando, mguu mmoja juu ya tairi. Picha moja, picha mbili, mtandaoni. Mimi pia nimepiga hizo picha. Ninayo moja kwenye simu hadi leo, na nikiitazama ninaona Sh32,000 zinaning'inia chini ya gari zikingoja kufa.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaonitusi. Vijana wengi wa huku kwetu wanaoinua magari wananunua cha mwisho kwanza. Wanakimbilia shoki, kisha ndio waulize maswali. Kitu kilichopaswa kutangulia ni kipande cha raba kinachotosha kiganjani, kile mafundi wanaita bampu stopu, ambacho ukimwuliza mwenye gari kiko wapi atakuonyesha bampa. Raba za kuvaa miguuni tunazijua zote, hata ile iliyotoka wiki jana tunajua bei yake. Raba ya chini ya gari hatuijui.

Nasema hivi kwa sababu ilinigharimu. Mimi na binamu yangu tuna Hilux ya miaka ya tisini, ya dizeli, ya viti viwili mbele na viwili nyuma. Nusu ya pesa za kuinunua ilikuwa yake. Nusu ya pili ilikuwa karo yangu ya mwaka wa pili chuoni, ambayo sikuilipa. Mama alikuja kujua baadaye, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Jumatatu hadi Jumamosi pikapu inahamisha watu: leo vitu vinatoka Kimbo kwenda Juja, kesho vinatoka Makongeni kurudi Ruiru. Jumapili ilikuwa siku yetu ya kwenda porini.

Hapo ndipo tukaamua kuiinua. Springi za nyuma za Hilux yetu ni zile za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, basi tukaongezewa vyuma ikapanda sentimita tano. Halafu tukanunua shoki ndefu, nne, nyekundu. Mwuzaji aliuliza maswali mawili tu: gari ni la mwaka gani, na mmeinua inchi ngapi? Tukajibu, tukalipa, tukafungiwa, tukaenda Kamakis kupiga picha.

Wiki ya tatu tulikuwa tunateremka kuelekea Munyu, ng'ambo ya Gatuanyaga. Kuna mahali maji yalikuwa yamekata barabara na watu wakajaza mawe. Hatukuwa tunakimbia. Gurudumu la nyuma la kushoto likaingia, likapanda, tukasikia mlio kama mtu amepiga lango la chuma kwa nyundo. Tukashuka. Shoki ilikuwa imepinda ile fimbo yake ya chuma, na kishikio cha juu kilikuwa kimeng'oka kwenye chasisi na kipande cha bati. Tulirudi Thika polepole, gari likidunda upande mmoja kama mtu mwenye kiatu kimoja.

Fundi aliyetuangalia ni mzee wa jua kali, Thika. Alitandika katoni, akaingia chini, akakaa huko muda mrefu bila kusema neno. Alipotoka hakutaja shoki. Alimwita binamu yangu aingie, akamwekea kidole mahali palipokuwa na bolti moja iliyoshika kutu na kibaki cha raba kama ufizi usio na jino. "Hii ilikwisha kitambo," akasema. Kisha akatuuliza, "Vijana wangu, hizi shoki mlizipima wapi?"

Tulizipima kwa macho, mzee wangu. Kwenye picha.

Sikilizeni sasa, maana hili sikulijua hata darasani, na sidhani ningelijua kama ningebaki. Kazi ni tatu na kila moja ina mwenyewe. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shoki haibebi uzito. Kazi yake ni kutuliza mdundo: ndani mna oili inayosukumwa kupitia vitundu vidogo, na ule mdundo unageuka joto. Halafu kuna raba, iliyofungwa chini ya chasisi juu ya ekseli. Kazi yake ni kusema basi. Gurudumu likipanda hadi mwisho, raba ndiyo ipokee kishindo, ijibonyeze na kulisimamisha kwa upole. Raba isipokuwepo, au shoki ikifika mwisho kabla yake, shoki inalazimika kulisimamisha gari zima pamoja na kabati na friji ya mpangaji. Haikuundwa kwa hilo.

Mzee alitupimia. Nitakupa hesabu jinsi zilivyokuwa, uzifanye na wewe kwa gari lako. Kabla ya kuinua, kutoka jicho la chini la shoki hadi jicho la juu, gari likiwa limesimama, ilikuwa kama sentimita 45. Kutoka ekseli hadi ncha ya raba, kama ingekuwa nzima, 9. Raba yenyewe ina urefu wa 6 na ikigongwa sana inabonyea karibu nusu, tuseme 3. Toa 9, toa 3, unabaki na 33. Hapo ndipo mwisho. Shoki yoyote utakayofunga lazima ikijifunga kabisa iwe fupi kuliko 33, na ubakishe nafasi kidogo.

Sasa tuinue sentimita tano. Jicho hadi jicho inakuwa 50. Ekseli hadi raba inakuwa 14. Toa 14, toa 3. Ni 33 tena!

Rudia hapo ukihitaji, mimi nilirudia mara tatu. Kuinua gari hakusogezi ule mwisho hata kidogo, kwa sababu raba iko palepale kwenye chasisi. Lakini shoki ndefu huwa ndefu pia ikiwa imejifunga. Zetu zilijifunga kwenye 36. Maana yake, hata tungekuwa na raba mpya, shoki ingefika mwisho wakati ekseli ndiyo kwanza inaigusa. Na sisi hatukuwa na raba. Kila shimo kubwa tangu siku ya kwanza, shoki ndizo zilikuwa zinagongwa. Munyu ilikuwa zamu ya mwisho tu.

Dawa ilikuwa kuishusha raba kwa kipande cha chuma cha sentimita tano, ili mwisho uwe 38 na shoki ya 36 ipumue. Lakini angalia kinachotokea: 14 ukitoa 5 ni 9, ileile ya kiwandani. Yaani kwa upande wa kupanda juu, gurudumu halijaongeza hata sentimita moja. Ulichopata ni gurudumu kushuka chini zaidi kwenye shimo, na tumbo la gari kukaa juu. Difu yenyewe haijapanda, kwa sababu difu iko kwenye ekseli na ekseli inakaa kwenye matairi. Wangapi Kamakis wanalijua hilo?

Wapo watakaosema Rhino Charge wanafanya hivi na vile. Ni kweli, na ni mashindano ninayoyapenda. Yalianza 1989 kuchangisha pesa za kujenga ua wa kulinda msitu wa Aberdare, kule mto Thika unakotokea. Ila kumbuka jinsi yanavyopiganiwa: magari yanatafuta vituo 13 ndani ya saa 10, na anayeshinda ni aliyepita umbali mfupi zaidi, si aliyekimbia zaidi. Gari linashuka korongo polepole, likiwa limevuliwa kila kitu, na saspensheni yake imejengwa upya kuanzia chasisi na watu waliopima kila pembe. Kesho yake halihamishi mtu Kimbo. Ukichukua shoki moja kutoka picha ya gari kama lile ukaifunga kwenye pikapu yako ya kazi, umechukua jibu la mtihani wa mtu mwingine.

Kuna pia wale wanaong'oa raba makusudi, eti inafanya gari liwe gumu. Nimewasikia, hata fundi mmoja aliwahi kutushauri hivyo. Kama raba inagongwa kila tuta la mtaani, tatizo ni springi iliyochoka au mzigo uliozidi. Pima ukiwa umepakia. Sisi tukipakia nyumba ya vyumba viwili ile 9 inakuwa 5, na ndiyo maana hesabu ya gari tupu ilitudanganya. Unaweza kununua raba laini zaidi au ndefu zaidi, zipo pia za poliyurethani zinazobonyea kidogo kidogo. Zile za kutumia oili waachie wanaoruka milima ya mchanga.

Shoki zenyewe sitazungumza sana, kila mtu ana kampuni yake na ugomvi wake. Nitasema tu kwamba barabara zetu mbaya ni za aina mbili. Ndani ya mitaa ya Ruiru ni mashimo na matuta ambayo majirani wamejijengea kwa saruji usiku, na hapo mwendo ni mdogo. Lakini ukipita Thika kuelekea Kilimambogo na uingie kwenye murram, unapata vijituta vya mfululizo vinavyogonganisha meno kilomita nyingi bila kupumzika. Hapo oili inachemka, inatoa povu, na shoki inaacha kutuliza chochote. Kwa safari hizo afadhali yenye gesi ya naitrojeni ndani, kwa sababu gesi inazuia povu. Na ukifika dukani, uliza nambari mbili: ikijifunga ni urefu gani, ikifunguka ni urefu gani. Kampuni zinazojiheshimu huziandika kwenye katalogi. Mwuzaji akikuambia "hii inaingia tu, usijali", wewe jali.

Ile ya kufunguka nayo ina kazi. Inua chasisi kwa jeki hadi magurudumu yaning'inie, upime, halafu uangalie paipu ya breki. Kama imevutika kama kamba ya nguo, simama hapo. Na usipime pande zote kwa pamoja tu, inua gurudumu moja peke yake, kwa sababu ekseli ikilala upande inafika mahali ambapo hesabu ya karatasi haikufika.

Thika ni mji ulio na kiwanda cha kuunganisha magari tangu miaka ya 1970, enzi kikiitwa Leyland Kenya, leo KVM. Kuna wazee hapa mtaani waliofunga chasisi kwa mikono yao kabla hatujazaliwa, na wengine wako jua kali wakingoja mtu awaulize kitu. Sisi tunauliza simu.

Matengenezo yalichukua siku tisa: kuchomelea kishikio, raba nne mpya, shoki nne za urefu wa kawaida, na vyuma vya springi vilivyozidi vikatolewa. Siku tisa bila kuhamisha mtu, na kodi haikungoja. Raba zote nne pamoja hazikufika bei ya shoki moja nyekundu.

Sasa pikapu imekaa chini kama ilivyotoka kiwandani na hakuna anayeipiga picha. Wiki jana binamu yangu alinitumia tangazo la shoki nyingine, hizi ni za buluu. Nimemwambia alete tepu ya kupimia na katoni ya kulalia, tutakutana chini ya gari.