Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: Mbwa wangu alikuwa na kadi ya chanjo yenye muhuri wako

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri,

YAH: KUUAWA KWA MBWA WANGU, NA DARASA LISILO NA MWALIMU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Nimeanza hivyo kwa sababu najua barua isiyoanza hivyo haivuki masjala. Zile nilizotangulia kuleta kwa mkono zilianza hivyohivyo, zikagongwa muhuri wa "imepokelewa", na safari yake ikaishia hapo. Hii naipitisha kwa wasomaji. Pengine mmoja wao anafahamiana na mtu wa ofisini kwako.

Sitakuchosha kwa kukueleza operesheni ya kuondoa mbwa wazururaji, maana wewe ndiye uliyeiidhinisha. Unajua gari la matangazo lilipita mitaa ipi, na unajua mtaa ambao halikupita. Unajua nyama yenye sumu ilitegwa usiku, kando ya barabara iendayo shuleni kwetu. Usichokijua, au unachokijua ila ofisini kwako kimegeuzwa kichekesho, ni hiki: tangu nyama ile itegwe, Kidato cha Nne hawana mwalimu wa Historia kipindi cha kwanza. Mwalimu huyo ni mimi.

Miaka kadhaa iliyopita nilitoka hai kwenye ajali ya basi ambayo wenzangu wengi hawakutoka. Mifupa iliunga. Kilichobaki hakionekani kwenye picha ya eksirei. Honi ya lori ikilia nyuma yangu kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, macho yanaingia giza, na mwili wote unaamini kwamba nakufa sasa hivi, hapohapo kwenye vumbi. Hospitali walipima moyo wakaukuta mzima. Ndipo wakanielekeza kile chumba cha mwisho kwenye korido, ambacho wagonjwa wake hukaa kwenye benchi wameinamisha nyuso wasitambuliwe. Daktari akaniambia ni ugonjwa wa wasiwasi, kwamba unatibika, na kwamba sehemu ya tiba yake ni kutoka: leo hadi mlangoni kwa jirani, wiki ijayo hadi dukani, baadaye hadi barabara kuu, mpaka mwili ujifunze upya kuwa njia haiui kila siku. Basi siwezi kupanda, bodaboda ndiyo kabisa. Akaniuliza kama ninaye wa kufuatana naye kwa miguu.

Nilikuwa na Popi. Usidhani ni mbwa wa kwenye kalenda. Ni mbwa wetu huyuhuyu wa mtaani, rangi ya mchanga, sikio moja limepasuka kwa ugomvi wa ujanani. Hakusomea chochote. Lakini nilipokwama njiani naye alisimama, akaniegemea goti, nami nikaweka mkono ubavuni mwake nikizifuata pumzi zake hadi zangu zikatulia. Kisha tukaendelea. Tukifika shuleni mlinzi alimwacha alale chini ya mwarobaini nje ya geti, mimi nikaingia darasani nikafundisha Vita vya Majimaji kwa sauti isiyotetemeka. Watoto wale hawakujua kwamba somo lao limeletwa na mbwa.

Najua utasema hayo ni mambo ya Wazungu. Basi tuwataje hao Wazungu vizuri. Mwaka 2019 watafiti wa Washington State University walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa dakika 10 za kupapasa mbwa na paka zilishusha homoni ya msongo, kotisoli, kwa wanafunzi wa chuo. Na hao hawakuwa hata wagonjwa. Huko huko Marekani, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inamtambua mbwa aliyefundishwa kazi maalumu, kama yule anayemwongoza kipofu. Mbwa wa kufariji tu haimhesabu. Wapo pia walioharibu jambo lenyewe: Januari 2018 abiria mmoja alitaka kupanda ndege Newark na tausi, akidai ni wa kumtuliza roho. Kuanzia Januari 2021 mashirika ya ndege ya huko hayalazimiki tena kumpokea mnyama wa kufariji kwa masharti ya mbwa wa huduma. Kwa hiyo ubishi upo kila mahali, na mimi siukatai. Ila wenzetu wanabishana kama mbwa huyo aingie ndani ya ndege. Sikuomba Popi aingie benki, wala ukumbini kwenye baraza la madiwani. Nilichohitaji ni asiuawe kwa sumu akiwa kwenye kamba, na kamba iko mkononi mwangu.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Hakuwa mzururaji. Alikuwa amevaa mkanda shingoni, nimemshika, tunakwenda kazini. Kipande kilikuwa kwenye nyasi za pembeni, akakinyakua kabla sijakiona. Sitaeleza alivyokufa. Ilichukua muda, na watoto wa shule ya msingi waliona. Mbuzi wa watu naye alikufa siku hiyo, na ni Mungu tu aliyejaalia asiokote mtoto. Ninachotaka ukishike ni kwamba barabara ile ndiyo njia pekee ya kufika kazini kwangu, na sasa ina mahali ambapo miguu yangu inagoma. Naamka alfajiri, navaa, nafika kwenye kona, narudi. Na kipindi cha kwanza, Kidato cha Nne, hakuna mwalimu.

Kuhusu watu wa mtaani sina kinyongo. Wamenisema, ni kweli. Wapo waliosema nina jini la mbwa. Wapo waliosema mwalimu anajifanya wa Ulaya. Vijana wa kijiwe cha bodaboda walinipigia mluzi ule wa kuitia mbwa, kisha wakauliza nani ameitika. Mwenzangu mmoja wa ofisi ya walimu, mwenye shahada yake, alinishauri kwa upole kabisa kwamba dawa ya hofu ni kuolewa. Hayo niliyazoea. Wengi walitarajia kwamba atakayenitimua ni mama mwenye nyumba wangu, Mwislamu wa swala tano. Yeye alinipa masharti: mbwa asiingie ndani, banda liwe nyuma, asiguse vyombo, bakuli lake lijulikane. Basi. Kiangazi akawa anamwekea maji yeye mwenyewe, na mashoga zake walipomshangaa akawasimulia kisa cha yule aliyemnywesha mbwa mwenye kiu akasamehewa dhambi. Najisi ina namna yake ya kutwaharishwa, aliwaambia, ukatili hauna.

Kwa hiyo usiitwishe dini mzigo huu, wala mila. Aliyemuua Popi ni ofisi.

Na ofisi ndiyo iliyonicheka. Nilikwenda idara yako ya mifugo na kadi ya chanjo pamoja na barua ya daktari. Afisa aliisoma barua ile kwa sauti mbele ya wenzake, ugonjwa wangu wote, kituo kwa kituo. Mmoja akasema, "Kumbe kichaa cha mbwa kipo cha aina mbili!" Wakacheka hadi mhudumu aliyekuwa akigawa chai akatoka nje kwa aibu. Mwingine akaniuliza kwa nini nisifuge paka. Wa tatu, ambaye nadhani alikusudia wema, akasema mbwa koko wapo wengi dada, okota mwingine. Ningependa kujua, Ndugu Mkurugenzi, kama huo ndio utaratibu wa kutunza siri za mgonjwa katika ofisi za umma, au ni huduma ya ziada tu kwa sisi wa chumba cha mwisho kwenye korido.

Maana kuhusu mbwa hamna tatizo lolote, tukisema ukweli. Ghala lenu la pembejeo linalindwa na mbwa. Makampuni ya ulinzi yanakodisha mbwa mjini humu, na mnawalipa. Jeshi la Polisi lina kikosi chenye mbwa na farasi, na sherehe zikifika tunakipigia makofi. Mbwa akilinda magunia ya mbolea ni mfanyakazi, ana hata fungu la chakula. Akimshikilia mwalimu asianguke barabarani ni anasa, au ni uchizi. Mali ikipata hofu ya mwizi inapewa mbwa. Mtu akiwa na hofu anapewa kicheko. Wakati huo Kidato cha Nne wamekaa kipindi cha kwanza wanachora kwenye madaftari.

Na usinijibu kwa kunikumbusha kichaa cha mbwa. Nakiogopa kuliko wewe, kuogopa ndiyo fani yangu. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Ndiyo maana nashangaa mnakichezea. Shirika la Afya Duniani linahimiza kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili kuukata mnyororo wa maambukizi, na dunia imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya binadamu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano: Pemba kampeni za chanjo ziliuondoa ugonjwa huu, zikalegea ukarudi, zikafufuliwa ukaondoka tena. Ni chanjo iliyofanya kazi hiyo. Mbwa aliyechanjwa ni tofali kwenye ukuta. Ukimuua umelitoa tofali, na kwenye tundu lile anaingia mbwa mgeni asiyechanjwa kutoka mtaa wa pili.

Popi alikuwa amechanjwa. Alichanjwa na ninyi, bure, kwenye viwanja vya shule ya msingi, tarehe 28 Septemba, siku ambayo duniani kote imetengwa kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Mlipiga picha. Kadi yake ninayo, ina tarehe, ina saini, ina muhuri wa Halmashauri. Idara ileile iliyomdunga sindano ili aishi ndiyo iliyomtegea nyama ili afe, na sijapata wa kunieleza ni uamuzi upi kati ya hayo mawili uliofanywa na mtu aliye macho.

Nchi hii ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Ina pia Sheria ya Afya ya Akili, ya mwaka huohuo wa 2008. Bunge lilizitunga ndani ya mwaka mmoja, na Halmashauri yako ikazidharau ndani ya usiku mmoja.

Lakini sheria zitafanya nini kama walio ofisini bado wanaona ugonjwa wa akili ni mzaha? Mtu akisema anatibiwa, utani wa kwanza ni Mirembe. Hospitali ile ya Dodoma inatibu watu na kuwarudisha kwenye familia na kazi zao, sisi jina lake tumeligeuza tusi la kwenye daladala. Kila 10 Oktoba, Siku ya Afya ya Akili, mnavaa fulana, mnatembea kwa bendi, mgeni rasmi anatuhimiza "tuvunje ukimya". Mimi niliuvunja. Nilikuja na barua ya hospitali mkononi, mkaisoma kwa sauti, mkaangua kicheko. Mwalimu anayezimia kwa kisukari analetewa gari. Anayeganda barabarani kwa hofu anaambiwa asali sana, au aache kudeka. Wanafunzi wanatazama na kujifunza kuficha. Kisha tunakaa kwenye vikao na kuulizana mbona vijana hawasemi mpaka mambo yameharibika.

Mkuu wangu wa shule amejitahidi kubadili ratiba, lakini walimu wa Historia tuko wachache na vipindi ni vingi. Posho ya masomo ya jioni nimeipoteza, hilo niachie mwenyewe. Mtihani wa taifa haubadilishiwi ratiba. Ni Novemba. Sura za ukoloni na za kudai uhuru zimesimama pale nilipoziacha, na kipindi cha kwanza hakuna mwalimu.

Kwa hiyo naomba, na neno "naomba" nalitumia kwa sababu ndivyo barua za serikali zinavyoandikwa. Sumu ikome mitaani, leo, si baada ya kikao. Fedha iliyonunua nyama inunue chanjo, na mbwa waliochanjwa wavishwe alama ambayo hata mtega sumu wa usiku ataiona. Barua ya daktari wa afya ya akili ipokelewe kwa heshima ileile inayopewa barua ya daktari wa mifupa: mlangoni, kwa faragha, bila hadhira. Mgonjwa akiandikiwa na daktari kwamba anatembea na mbwa, mbwa huyo asajiliwe kwa jina na aachwe apite, akiwa kwenye kamba, amechanjwa, bila kumkera mtu. Afisa aliyeisoma barua yangu aniombe radhi mbele ya walewale aliowachekesha.

Mbwa mwingine msinitafutie. Nikimpata nitampata mwenyewe, na sitamtoa nje ya ua huu kabla hamjatangaza kwa kipaza sauti, kwenye mtaa wetu safari hii, kwamba barabara ya shule haina sumu.

Wanafunzi ni wako, shule ni ya Halmashauri yako. Nataka jibu kwa maandishi, likitaja jina la aliyeidhinisha nyama ile kutegwa kwenye njia ya watoto wa shule.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa Historia, Kidato cha Nne