Oili ya Boti Ibadilishwe Kabla ya Mbalamwezi

Kitabu cha maelekezo kinachouzwa pamoja na injini ya boti aghalabu kimeandikwa kwa ajili ya nchi zenye majira ya baridi kali. Ndani yake mna sura inayomwagiza mwenye chombo abadilishe oili na chujio kabla ya kukiweka chombo ghalani, wakati maziwa ya huko yanapoganda. Mvuvi wa Igombe au wa Ukerewe akiifikia sura hiyo huiruka, kwa kuwa Ziwa Victoria haligandi. Fundi wake naye huiruka. Nia yangu ni kuonyesha kwamba wote wawili wanakosea, na kwamba kosa lao lingaliweza kusahihishwa katika darasa la kemia la kidato cha tatu.

Tuanze na mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa: zamani zilikuwa karabai, na siku hizi zimeenea taa za umeme wa betri na wa jua. Taa huwavuta dagaa usiku wa giza. Mwezi unapopevuka nuru ya taa hupoteza nguvu zake, na vyombo vingi huvutwa mwaloni vikapumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo majira yetu ya kuhifadhi vyombo hayaji mara moja kwa mwaka kama ya Wazungu. Huja mara kumi na mbili au kumi na tatu. Juu ya hayo kuna mapumziko marefu yasiyo na tarehe: mbao zimeoza, nyavu zimechakaa, au mtaji umekwisha na mwenye chombo amekwenda kulima. Injini iliyolala ufukweni miezi mitatu haijui kama sababu ya kulala kwake ilikuwa theluji au ukosefu wa fedha.

Sasa tuangalie kilichomo ndani ya oili wakati injini imelala. Mwanafunzi achukue oktani, moja ya viungo vya petroli, aandike mlinganyo wa kuungua kwake. Ataona kwamba gramu 114 za oktani hutoa gramu 162 za maji. Petroli halisi ni mchanganyiko wa vitu vingi na hesabu yake ni ndogo kidogo, lakini bado kilo moja ya petroli ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja ya maji. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hawaliamini jambo hili mpaka wakumbuke kwamba oksijeni imetoka hewani. Sehemu kubwa ya maji hayo hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke. Kiasi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kuingia kwenye oili, pamoja na oksaidi za nitrojeni, masizi na petroli isiyoungua. Hapo ndipo tindikali huzaliwa. Oili nayo, kwa kuchemshwa mbele ya hewa, huoksidika na kutengeneza tindikali zake yenyewe.

Watengenezaji wa oili hulijua hilo, nao hutia ndani yake besi za kuzimua tindikali. Lakini besi hizo zina kiasi chake. Zikiisha zimekwisha, sawasawa na zinavyokwisha katika jaribio la kuzimua tunalolifanya kwa bureti.

Injini ya lori inayotoka Mwanza kwenda Shinyanga hupata moto kwa saa nyingi, na maji yaliyomo ndani ya oili yake hugeuka mvuke yakatoka. Injini ya mvuvi wa dagaa haina bahati hiyo. Hupozwa kwa maji ya ziwa, huendeshwa kwa muda mfupi mpaka penye samaki, huzimwa, hupoa usiku kucha, kisha huwashwa alfajiri kwa safari nyingine fupi. Ni vigumu kubuni mwenendo unaofaa zaidi kukusanya maji ndani ya oili.

Nilijifunza haya kwa hasara. Nilipokuwa Ulaya nikisomea shahada ya uzamivu, nilipanga kwa mzee mmoja aliyekuwa na boti ndogo. Kila Oktoba, kabla ya kuipandisha nchi kavu, alibadilisha oili. Nilimwuliza kwa nini asingoje hadi boti irudi majini, ili aanze na oili mpya. Akanijibu kwamba hataki uchafu ulale na beringi zake miezi sita. Niliona ni kichekesho cha mzee. Miaka kadhaa baadaye kaka yangu alinunua injini ya mipigo minne pale nyumbani, akaiendesha msimu mzima, kisha akaiweka miezi minne huku boti ikitengenezwa. Mimi, mwenye shahada, ndiye niliyemshauri aokoe fedha na kungoja. Alipoiwasha iliunguruma vizuri. Usiku wa tatu ilikwama mbali na ufuko, na upepo ulikuwa umeanza. Wenzake walimkokota kwa kamba mpaka nchi kavu. Tulipoifungua, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na nyuso za beringi zilikuwa na vishimo vidogo vidogo kama bati lililoliwa na kutu. Wanaoishi kando ya ziwa hili wanajua jinsi dhoruba zake zinavyopenda usiku. Sina haja ya kueleza zaidi.

Nieleze pia kwamba maneno haya hayahusu kila injini. Zile za mipigo miwili, ambazo zimejaa katika mialo yetu, huchanganyiwa oili ndani ya petroli na kuiunguza yote. Hazina oili ya kumwaga isipokuwa ile ya giaboksi ya chini, ambayo nayo yafaa ikaguliwe, kwani ikionekana nyeupe kama maziwa maji yameingia. Injini nyingi ndogo hazina chujio. Lakini injini za mipigo minne zinaongezeka, na mafundi wengi wanazitunza kwa desturi za zile za zamani.

Desturi mojawapo ni kuihukumu oili kwa rangi. Oili nzuri huwa nyeusi upesi, kwa sababu imetiwa kemikali za kuyashika masizi yasigande katika chuma. Weusi ni dalili kwamba inafanya kazi. Hatari ni maji na tindikali, na tindikali haina rangi.

Chujio nalo hudanganya kwa namna yake. Likiziba, vali ndogo hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, maana ni afadhali oili chafu kuliko kukosa oili kabisa. Injini haitoi sauti yoyote ya kulalamika. Kwa hiyo anayebadilisha oili na kuliacha chujio la zamani ameacha humo akiba ya uchafu wa kuchanganya na oili mpya. Afunguapo chujio ahakikishe mpira wake haukubaki umenata kwenye injini. Mpira mpya juu ya wa zamani huvujisha oili yote kwa dakika chache.

Sasa hesabu. Vitabu vingi huagiza oili ibadilishwe kila baada ya saa 100 au kila mwaka, lolote litakalotangulia. Tuseme injini hufanya kazi saa nne kila usiku kwa siku ishirini za giza: ni saa 80. Saa ya 100 itaangukia katikati ya giza lijalo, wakati hakuna mvuvi atakayekubali kusimama. Ataahirisha, na oili itafika saa 160. Ushauri wangu ni kuibadilisha kwenye saa ya 80, siku chombo kinapovutwa mwaloni, injini ikiwa bado na moto ili uchafu utoke pamoja na oili. Nitaambiwa kwamba mvuvi maskini anatupa saa ishirini za oili. Ni kweli, nami siidharau gharama hiyo. Ila nimeiona gharama ya krankishafti mpya.

Na oili iliyomwagwa iende wapi? Nimeona ikimiminwa mchangani, hatua tano kutoka majini. Lita moja ikitandazwa juu ya maji kwa unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita hufunika mita za mraba 1,000. Lita saba hutosha kiwanja cha mpira. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutokea, pale Jinja, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke, jambo ambalo viungo vizito vya oili haviwezi kufanya. Jiji la Mwanza huvuta maji yake ya kunywa humo humo, pale Capri Point. Kila mwalo ungeweza kuwa na pipa moja lenye mfuniko, na kamati ya mwalo ikalisimamia.

Walimu wenye shule karibu na ziwa wanaweza kuomba vijiko vichache vya oili kuukuu kutoka kwa wavuvi. Mwalimu mwenyewe, akiwa amevaa miwani ya kukinga macho, adondoshe tone moja juu ya bamba la chuma lenye moto. Oili yenye maji hutatarika. Isiyo na maji hutulia na kutoa moshi. Tone jingine liwekwe juu ya karatasi ya kuchujia na kuachwa hadi kesho yake: masizi yaliyoshikwa vizuri hutawanyika, na yaliyoganda hubaki katikati kama doa la wino. Kisha wanafunzi waulize ni oili ya boti gani, na majibu wampelekee mwenyewe kabla mwezi haujapevuka.