Pembe ya Mtoto Chumbani

Wakati wa mvua wengi wetu katika nyumba za kambi huwa na chumba kimoja tu: ndimo tulalamo, na ndimo mtoto achezamo. Basi tumtengee pembe yake.

Kwanza, sigiri itoke, ikae barazani. Makaa yanayowaka ndani huunguza, tena hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua waliolala.

Tandika mkeka. Laza ubao juu ya matofali mawili, kimo cha goti la mtoto, ili achukue na kurudisha mwenyewe. Maria Montessori aliweka samani za kimo cha watoto katika nyumba aliyoifungua Roma mwaka 1907, katika mtaa wa maskini. Vitu vinne vyatosha: sufuria kuukuu na mfuniko wake, vibao vilivyopigwa msasa, kata ya kibuyu. Vizibo vya soda ni vizuri kwa kuhesabia, lakini aliye chini ya miaka mitatu asipewe, humkaba kooni.

Nanyi akina baba, maganda ya risasi si vitu vya kuchezea, hata yakiwa matupu. Mtoto aliyezoea ganda hatalitofautisha na risasi nzima.

Jioni kunja mkeka; ubao ubaki palepale.