Ekzosi Haisimamishi Pikipiki

Jamani wadau, hivi nani aliwadanganya kwamba kufufua pikipiki ya zamani ni kubadili ekzosi na kupaka rangi? Kijana msomi wa mjini ananunua Honda CG125 ya zamani, anaipa injini nguvu, mlio unasikika mtaa wa tatu. Mbele breki ni ile ile ya drumu!

Hesabu hii ni ya sekondari: mwendo ukitoka kilomita 40 kwa saa kwenda 80, nishati ambayo breki inatakiwa kuizima inakuwa mara 4, si mara 2. Drumu ikipata moto inalegea, maana joto linanasa ndani. Ikiingia maji ndio kabisa. Diski iko hewani, inapoa upesi.

Halafu kuna watetezi wa "uasilia", eti diski inaharibu historia. Historia ipi? Honda hao hao waliweka diski mbele kwenye CB750 mwaka 1969, CG hata haijazaliwa.

Ila msikimbilie diski peke yake. Foku za zamani ni nyembamba, ukibana breki kali zinajipinda na usukani unavuta upande. Na shokapu zikichoka tairi linarukaruka. Tairi lililo hewani halisimamishi pikipiki kwa breki yoyote. Chukua foku, habu, rimu na diski kutoka pikipiki moja ya kisasa, fundi apime beringi za usukani kabla hujalipa.

Ni ghali, ndiyo. Uza hiyo ekzosi.